Treni ya Toronto hadi Edmonton: je, baada ya Winnipeg ni nyasi tupu?

Swali: "Shikamoo kaka. Naishi Toronto. Mama yangu ana miaka 71, mwalimu mstaafu, amekuja kututembelea kutoka Tabora. Baada ya safari ile ndefu ya ndege amesema ndege nyingine atakayopanda ni ya kumrudisha kwao tu. Kaka yangu mkubwa yuko Edmonton, na mama lazima akamwone. Nimefikiria treni, mwezi wa Julai, lakini kila ninayemuuliza ananiambia kwamba baada ya Winnipeg ni siku nzima ya nyasi tupu, mama atachoka na mimi nitakuwa nimetupa pesa. Ni kweli hakuna cha kuona? Na tukienda, tukate daraja gani, tule nini, na kaka aje kutupokea saa ngapi?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Swali lako limenigusa, kwa sababu mimi nimekulia hapo hapo Tabora, baba akiwa mfanyakazi wa reli, na kwa miaka 15 sasa kazi yangu huku Kanada ni kuwapangia watu safari za treni. Wengi wao ni ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania walioenea Winnipeg, Saskatoon na Edmonton. Njia unayoiulizia nimeipita mara nyingi, kiangazi na kipupwe. Nakujibu kama mtu wa nyumbani: mpandishe mama treni, na ile siku ya nyasi wanayokutishia nayo ndiyo siku ya kuamka mapema kuliko zote.

Treni yenyewe inaitwa The Canadian, ya shirika la VIA Rail. Inakwenda Toronto hadi Vancouver, kilomita 4,466, na ninyi mtashuka mkiwa mmemaliza karibu robo tatu ya njia. Haitoki kila siku, ni siku chache tu kwa wiki, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kuomba likizo. Mtalala njiani mara mbili. Siku ya kwanza na sehemu kubwa ya siku ya pili mtakuwa kwenye miamba na misitu ya kaskazini ya Ontario: miti ya misonobari, maziwa madogo yasiyo na idadi, mwamba mweusi uliopasuliwa ili reli ipite. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu huisifia sana. Mimi naona kinyume. Msitu ule ni mzuri kwa saa tatu za kwanza, halafu unachosha, kwa sababu miti inasimama hatua chache tu kutoka dirishani na haikuonyeshi kilicho nyuma yake. Mzee anayekaa dirishani siku nzima anatazama ukuta wa kijani unaokimbia.

Kisha, jioni ya siku ya pili, Winnipeg inapokaribia, miti inakwisha. Haipungui polepole, inakwisha. Ardhi inalala chini kama mkeka uliotandikwa, na mbingu inashuka hadi kwenye magurudumu ya matrekta ya mbali. Nimewaona watu waliokuwa wamesinzia wakinyanyua vichwa bila kuamshwa na mtu, kwa kuwa mwanga ndani ya behewa umebadilika.

Hapo ndipo mama atakapokuwa mwenyeji kuliko wewe. Watu wengi wakitafsiri neno la huku la nchi hii ya majani, prairie, husema nyika. Nyika ninayoijua mimi ina vichaka na miiba. Hii ni mbuga, mbuga kwa maana yake ya kwetu Unyamwezini na Usukumani: bonde pana, tambarare, la udongo mweusi, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kiganja na masika unashika mguu usiutoe. Sisemi hivi kwa kumpendeza mama. Winnipeg imekaa juu ya sakafu ya ziwa lililokauka. Barafu kubwa za kale zilipoyeyuka, maji yalizuiliwa hapa yakafanya ziwa ambalo wanajiolojia wameliita Agassiz, kubwa kuliko Maziwa Makuu yote ya Amerika Kaskazini yakiwekwa pamoja. Lilikwisha kutoweka miaka karibu 8,000 iliyopita, likaacha tope laini la mfinyanzi lililotulia chini kwa karne nyingi. Ndiyo sababu ardhi ni bapa namna ile: ni chini ya ziwa, ambapo hapana kilima. Mara moja, baada ya mvua, nilichukua bonge la udongo ule ukingoni mwa mto, nikalifinya kati ya vidole. Liling'ang'ania kama ugali wa muhogo, na lilipokauka kwenye kucha zangu lilikuwa jeusi lile lile la majaruba ya mpunga ya nyumbani.

Winnipeg treni husimama muda mrefu, mara nyingi kama saa mbili, wafanyakazi wabadilishane na matangi yajazwe maji. Shukeni. Stesheni yenyewe ilifunguliwa mwaka 1911, na wasanifu wake, Warren na Wetmore, ndio waliohusika na stesheni ya Grand Central ya New York. Mama asimame katikati ya ukumbi chini ya kuba atazame juu. Nyuma ya stesheni, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ni The Forks, mahali mto Assiniboine unapoingia mto Red. Kuna soko la ndani lenye vyakula, na kuna ukingo wa mto. Mwonyeshe udongo.

Mkirudi ndani, laleni mapema. Nimesema mbuga si ya kuilala, lakini kwa ratiba ya sasa treni hutoka Winnipeg usiku, na Manitoba yote ya magharibi mtaivuka gizani. Siku yenu ni Saskatchewan. Weka kengele ya simu. Julai jua la huko huchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mna mwanga wa saa 16 na zaidi. Na angalieni saa zenyewe: Winnipeg iko nyuma ya Toronto kwa saa moja, na kiangazi Saskatchewan iko nyuma kwa saa nyingine, kwa sababu jimbo hilo halisogezi saa zake mbele kama majirani. Kama mama anaswali, hilo ni la kupanga kabla. Kugawa dunia kwa kanda za saa kuna mkono mkubwa wa reli za huku. Kampuni za reli za Amerika Kaskazini ndizo zilizokubaliana kutumia saa za kanda tarehe 18 Novemba 1883, na mmoja wa waliopigania mpango huo, Sandford Fleming, alikuwa mhandisi wa reli ya Kanada. Kabla ya hapo kila mji ulifuata jua lake.

Sasa mpeleke mama kwenye behewa la kuba. Ni behewa lenye ngazi fupi ya kupanda juu, na huko kuna viti chini ya paa la vioo, unaona mbele, nyuma na pande zote. Mabehewa haya ya chuma kisichoshika kutu yalijengwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia mwaka 1954 na 1955, na bado yanakimbia. Alfajiri viti vya juu huwa vitupu. Ikifika saa tatu asubuhi utavigombania.

Utaona nini? Kwanza utaona barabara. Ardhi hii ilipimwa kabla ya walowezi kuletwa, ikakatwa miraba ya maili moja kwa maili moja, na sheria ya mwaka 1872 ikampa mlowezi robo ya mraba, ekari 160, kwa ada ya dola 10, ilimradi alime na ajenge. Barabara za changarawe hufuata mipaka ile ile hadi leo. Zinakuja zimenyooka kama zilizopigwa rula, zinakatiza reli, zinakwenda hadi upeo wa macho. Kila makutano, kichwa cha treni kinapiga honi: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Mama akishaujua mlio huo atafumba macho na bado atajua kwamba barabara imepita.

Halafu utaona vituo, na hapa mwalimu mstaafu atafurahi. Reli hii ilijengwa na kampuni iliyoitwa Grand Trunk Pacific, ambayo ilikuwa na nchi pana isiyo na miji na ilihitaji majina mengi kwa haraka. Ikayapanga kwa alfabeti, kutoka mashariki kwenda magharibi. Ikifika Z inaanza upya. Mengine yamebadilishwa au vituo vimekufa, lakini mabango mengi bado yapo. Mkiwa macho mapema mtapita Punnichy, Quinton, Raymore, Semans, Tate, kisha Venn, Watrous, Xena, Young, Zelma, na baada ya Zelma alfabeti inarudi mwanzo: Allan, Bradwell, Clavet, halafu Saskatoon. Mpe mama karatasi na kalamu. Nilisafiri na bibi mmoja wa Bukavu aliyekuwa ameandika herufi zote pembeni mwa gazeti, kila bango likipita anaweka alama, na alipoikosa herufi moja kwa sababu treni ya mizigo ilikuwa imeziba dirisha alisikitika kweli kweli.

Melville, mji mkubwa kidogo mtakaoupita kabla ya hapo, haumo kwenye mpango wa alfabeti. Umepewa jina la Charles Melville Hays, rais wa kampuni mama ya Grand Trunk, aliyeisukuma njia hii kuvuka bara. Alikufa kwenye meli ya Titanic Aprili 1912, akirudi kutoka Uingereza, reli yake ikiwa haijakamilika. Ilikamilika tarehe 7 Aprili 1914. Na hili mwambie mama kwa makini: miezi miwili tu kabla ya hapo, Februari 1914, Reli ya Kati ya Wajerumani ilikuwa imefika Kigoma, baada ya kupita Tabora mwaka 1912. Zote mbili zilianza kujengwa mwaka 1905. Dar hadi Kigoma ni kilomita 1,254, na Winnipeg hadi Edmonton kwa reli ni karibu hizo hizo, 1,280 hivi. Mama amekaa kwenye treni urefu huu maisha yake yote. Tofauti ataisikia miguuni: reli ya huku ni pana, milimita 1,435 badala ya mita moja, na behewa haliyumbi kama lile alilolizoea.

Pembeni mwa vituo kulikuwa na maghala marefu ya mbao ya nafaka, yenye paa la mgongo, yamesimama kama minara ya misikiti isiyo na misikiti. Mwaka 1933 yalikuwa zaidi ya 5,700 katika majimbo haya ya mbuga. Yaliachana maili chache, kwa hesabu ya mkulima na mkokoteni wa farasi: aende na ngano yake na arudi siku hiyo hiyo. Malori yalipokuja hesabu ikabadilika, na siku hizi mengi yamebomolewa, nafasi yake imeshikwa na maghala machache makubwa ya saruji. Ukiona la mbao bado limesimama, jina la mji limefifia ubavuni, mwamshe mama hata kama amesinzia.

Mashamba yenyewe Julai ni rangi. Njano kali, hadi macho yanauma, ni kanola, mmea wa mafuta uliotengenezwa na watafiti wa vyuo na vituo vya hapa hapa Manitoba na Saskatchewan miaka ya 1970. Ukiona shamba la samawati nyepesi, kama maji, hilo ni kitani, na maua yake hufunguka asubuhi na kudondoka mchana, sababu nyingine ya kuamka. Kijani kinachoanza kugeuka ni ngano na shayiri. Yale mashamba mafupi, ya kijani kizito yanayotambaa, ni adesi na njegere. Saskatchewan ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa adesi duniani, na huenda zile nyekundu unazochemsha nyumbani Toronto zimetoka shamba mtakalolipita. Karibu na Allan, tazameni mnara wa mgodi: ni potashi, mbolea, inayochimbwa karibu mita 1,000 chini ya mashamba hayo, na treni zake nzitonzito mtazikuta zinangoja kwenye njia za kupishania. Katikati ya mashamba kuna vidimbwi vya mviringo vilivyoachwa na barafu, na kila kidimbwi kina bata wake. Mara nyingine utaona swala wa mkia mweupe, amesimama shingo juu, treni si kitu kwake.

Kuna mahali nataka mpapite kwa utulivu. Kati ya Kelliher na Punnichy kuna kituo kinaitwa Lestock, nchi ya Mkataba wa 4 wa mwaka 1874, kati ya serikali na wenyeji wa asili, na pembeni yake kulikuwa na shule ya bweni ya Muskowekwan, moja ya zile ambazo watoto wa wenyeji waliondolewa kwa wazazi wao wakakatazwa lugha yao. Ilifungwa mwaka 1997. Si zamani: wewe dada huenda ulikuwa umeshazaliwa. Watu wa Muskowekwan wenyewe waliamua jengo lisibomolewe, liwe ushahidi. Wanaosema mbuga ni tupu nadhani hawajaambiwa nani aliondolewa ili ionekane tupu. Na nyati wa mbuga vivyo hivyo. Walikuwa mamilioni, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa wamekwisha. Mifupa yao ilikusanywa, ikalundikwa kando ya reli, Saskatoon ikiwa moja ya sehemu hizo, ikasafirishwa kwenda viwandani. Kisha mwaka 1907 serikali ya Kanada ilianza kununua kundi lililokuwa limehifadhiwa Montana na Michel Pablo, na nyati wale hai wakaletwa kwa treni. Wainwright, mtakapopita alasiri mkiwa mmeshaingia Alberta, ndipo ilipofunguliwa hifadhi yao mwaka 1909. Hifadhi ilifungwa baada ya miaka 30 hivi na ardhi ikapewa jeshi. Mifupa iliondoka kwa mabehewa, na walio hai wakarudi kwa mabehewa. Kila nikipita Wainwright nawaza hilo.

Baada tu ya Wainwright, karibu na Fabyan, treni inapunguza mwendo na kuvuka bonde la mto Battle juu ya daraja la chuma lenye kimo cha karibu mita 60. Kwa siku nzima mmezoea ubapa, na ghafla chini yenu hakuna kitu. Kama mama anaogopa urefu, mwambie atazame mbele.

Haya, tiketi. Nitaeleza kwa lugha ya Reli ya Kati. Kuna daraja la kukaa, kiti kinachoegemea nyuma, bei yake ni ya chini na chakula unanunua. Kwa kijana ni sawa kabisa. Kwa mtu wa miaka 71, masiku mawili kitini sikubali. Juu yake kuna daraja la kulala, na humo kuna aina tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni vitanda vya pazia: mchana ni viti viwili vipana vinavyotazamana, usiku mhudumu anavigeuza kitanda cha chini na cha juu, na pazia zito linafungwa. Cha chini ni kipana na kina dirisha. Cha juu kina ngazi na hakina dirisha. Mkate vyote viwili, mama chini, wewe juu. Ya pili ni chumba cha mtu mmoja, na hiki kwa mama nakukataza: kitanda kikishateremshwa kinafunika choo, kwa hiyo usiku ukitaka kujisaidia unalazimika kukikunja kitanda kwanza. Mzee wa kuamka mara tatu usiku atateseka. Ya tatu ni chumba cha watu wawili, chenye mlango na choo chake, na kama pesa inaruhusu hicho ndicho bora, ila mmoja bado atapanda kitanda cha juu. Daraja la kulala lina milo ndani ya bei, na bafu la maji ya moto kwenye behewa. Bei hupanda sana kiangazi, na vitanda vya chini huisha kabla ya kingine chochote. Kama ni Julai hii, usingoje wiki ijayo.

Mhudumu akija kutandika kitanda usiku, mwambie mama habari hii, kwa sababu ni ya watu wetu weusi na hapa wengi hawaijui. Kwa miongo mingi kazi ya kutandika vitanda vya treni Kanada ilikuwa ya wanaume weusi, kutoka Kanada yenyewe, Marekani na visiwa vya Karibi. Ndiyo kazi karibu pekee ambayo reli ziliwapa. Abiria wengi hawakuwauliza majina, waliwaita wote George. Chama cha wafanyakazi wa reli kilikuwa cha weupe tu, basi mwaka 1917, Winnipeg, John A. Robinson na wenzake wakaanzisha chama chao, cha kwanza cha wafanyakazi weusi wa reli Amerika Kaskazini. Mtu aliyelala vizuri kwenye mbuga hii enzi hizo alilala kwa mikono yao, na wao wenyewe walisinzia pale walipopata nafasi. Mimi humuuliza mhudumu jina lake nikishapanda tu.

Chakula cha behewa la mgahawa ni kizuri, cha kupikwa humo humo. Kama mama hali nguruwe au anataka cha halali, toa taarifa siku kadhaa kabla, siyo mezani. Lakini hakuna stesheni kama ile Saranda ya Reli ya Kati njia hii! Treni ikisimama hakuna mtu atakayekuja dirishani na kuku wa kukaanga na karanga za kupimwa kwa kikopo. Vituo vingi ni bango na kibanda. Kwa hiyo beba chapati, maandazi, matunda, chupa ya chai, na kama ana dawa za presha au sukari ziwe mkobani, si kwenye sanduku lililoandikishwa. Beba na sweta hata Julai, usiku behewa huwa baridi. Mtandao wa simu utapatikana karibu na miji na kupotea katikati.

Sasa kuhusu kaka kuwapokea, hapa nisikilize vizuri. Usimpe mtu yeyote saa ya kufika. Reli hii ni mali ya kampuni ya mizigo ya CN, na treni ya abiria ni mgeni juu yake. Sehemu nyingi ni njia moja, na treni zikikutana lazima moja iingie pembeni. Treni za mizigo za siku hizi zinaweza kuzidi urefu wa kilomita tatu, na nyingine hazienei kwenye njia ya kupishania, kwa hiyo inayoingia pembeni ni yenu, fupi. Mtakaa hapo dakika 20, au saa nzima, mkihesabu makontena yanayopita. Ratiba imewekewa nafasi ya kufidia na mara nyingine treni hufika kwa wakati, lakini kuchelewa kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida kabisa. Usikate tiketi nyingine yoyote ya siku hiyo hiyo, na ukirudi kazini jiachie siku moja katikati. Kwa mbuga yenyewe kusimama si hasara. Injini ikitulia, utasikia upepo kwenye ngano, na ndege wa vidimbwini. Mwendo wa treni hauruhusu kusikia hayo.

Kwa ratiba mnafika Edmonton jioni. Stesheni iko kando, mbali na katikati ya mji, na usitarajie kukuta daladala mlangoni, kwa hiyo kaka lazima aje na gari. Mwambie asitoke nyumbani kwa kutazama ratiba. Baada ya Wainwright kuna mji mdogo unaitwa Viking, kilomita 130 hivi kabla ya Edmonton, na simu hushika vizuri hapo. Mkipita bango la Viking, mpigie. Ana muda wa kula chakula chake, kufunga nyumba na kuwafikieni mkiwa bado mnashusha mizigo.